Konfeti ya harusi ya mtoto wa kakangu: tulichorusha Nyali, na tulichokwangua baadaye

Mwaka 2025, mwezi wa Shaaban, zile wiki Mombasa nzima inaoana mbio mbio kabla Ramadhani haijaingia, mtoto wa kakangu aliolewa na mimi nikakabidhiwa maua. Sio chakula, sio ukumbi, maua tu, na ndani ya hayo maua kulikuwa na kitu kimoja bi harusi alikitaka kuliko hata keki: apite katikati ya watu, warushe konfeti, vile vipande vidogo vidogo vya rangi, mpiga picha abonyeze. Ashaiona kwenye simu mara mia. Naandika kisa chote hapa manake tangu siku ile nishaulizwa na watu kama sita "kwani nyinyi mlitumia nini", na jibu la neno moja sina.

Mpango ulikuwa hivi. Nikahi msikitini Mji wa Kale baada ya Adhuhuri, halafu bwana harusi aje kumpa mkono mkewe kwenye hoteli moja Nyali, pale pale kwenye nyasi zinazoangalia bahari wapigwe picha kabla jua halijazama, na usiku wanawake peke yao ukumbini kwa kupamba, yaani bi harusi kuketishwa amepambwa watu wamtazame. Hiyo konfeti ni ya pale nyasini, saa kumi na moja na nusu jioni. Waalikwa wa hapo ni familia tu, lakini familia yetu ikisema ni familia tu jua ni watu mia na hamsini.

Meneja wa hoteli, mama mpole lakini macho makali, akatusomea masharti tukiwa bado hatujamaliza juisi. Hakuna konfeti ya plastiki wala ya kumetameta, ndani wala nje. Maua ya kweli ruhusa, ila yakiingia kwenye bwawa la kuogelea tutakatwa kwenye ile elfu kumi na tano ya dhamana. Mimi nikadhani ni madoido ya hoteli. Halafu nikasimama ukingoni mwa bustani nikaangalia: ukuta mfupi, ngazi nane, mchanga, maji. Bas. Na hayo maji ya mbele ni ya hifadhi ya bahari ya Mombasa iliyotangazwa tangu 1986, na fukwe za upande huu kasa wanapanda kutaga mayai. Sheria nayo ipo, tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja ukatupa ni marufuku kwenye fukwe, mbuga, misitu na hifadhi, na ilikuja baada ya ile ya mifuko ya Agosti 2017 ambayo sote twaikumbuka, faini ya milioni 2 mpaka 4 au jela mwaka hadi minne. Watu waliacha mifuko siku moja. Lakini konfeti hakuna mtu anayeiona kama plastiki, yaonekana kama furaha tu.

Bi harusi alikuwa ashafika dukani kabla yangu. Kanunua mizinga ya konfeti kumi na miwili, ile ya kusokota chini inalipuka puu, mjini, na muuzaji kamhakikishia ni ya kulinda mazingira, na kweli kwenye paketi kumechorwa jani la kijani na kuandikwa kwa Kizungu kwamba inaoza yenyewe. "Shangazi, si umeona? Imeandikwa." Nikamwambia mwanangu, hata kwenye gunia la saruji waweza kuchora jani.

Tukafungua mmoja jikoni. Vipande vya dhahabu, vyembamba, upana wa ukucha wa kidole kidogo. Nikachukua kisosi na kibiriti. Hii ni njia ya kina mama wa leso na mitandio, ukitaka kujua kitambaa ni pamba au nailoni unachoma uzi: pamba yaungua kama karatasi na yaacha jivu linalopondeka, nailoni yajikunja, yayeyuka, na ikipoa inabaki kishanga kigumu. Kile kipande cha dhahabu hakikuungua kabisa, kilijikunja kama kimeumwa na tumbo, kikatoa moshi mweusi wenye ile harufu ya plastiki ambayo pua haiikosei, na kwenye kisosi ikabaki nukta nyeusi ngumu, nikaikwangua kwa kisu haikutoka. Manake hizi za kumetameta karibu zote ni plastiki nyembamba iliyopakwa rangi ya alumini juu. Ukiirusha umerusha plastiki iliyokatwakatwa tayari, bahari haina hata kazi ya kuivunja.

Bi harusi akanuna. Nikasema haya, tusibishane, tupime. Nikatuma kijana achote maji ya bahari kwenye chupa, tukaweka glasi tatu kwenye dirisha la jikoni kwa mamangu Kibokoni. Ya kwanza petali za waridi. Ya pili vipande vya karatasi ya tishu ya rangi, ile ya kufungia zawadi, kwa sababu mpambaji mmoja alituambia hiyo ndo mbadala. Ya tatu dhahabu.

Tishu ilichekesha. Dakika tano tu maji yashakuwa ya waridi kama sharubati, na hapo ndo nikajua tishu haifai kwetu, sio kwa sababu ya samaki, kwa sababu ya kanzu. Februari Mombasa mtu atoka jasho akiwa amekaa tu. Kipande cha tishu nyekundu kikitua kwenye bega la kanzu nyeupe iliyolowa, hiyo ni doa la maisha. Karatasi yenyewe siku ya tatu nikiikoroga kwa kijiko ilivunjika ikawa uji, kwa hiyo kuoza yaoza, na mtu akiwa na tishu nyeupe isiyotiwa rangi, sehemu kavu, sina neno. Kuna na zile za wanga zinazoyeyuka kwenye maji, nilizifikiria dakika moja nikaziacha, kitu kinachoyeyuka kwa maji kitamgandia bi harusi kwenye meikapu aliyopakwa kwa saa nne, nani atanisamehe.

Konfeti za plastiki ya mahindi pia niliambiwa. Wauzaji husema hii plastiki imetokana na mimea, inaoza. Kutokana na mmea na kuoza baharini ni mambo mawili, ndugu zangu. Ile aina yataka joto la karibu nyuzi 60 kwenye mitambo ya kutengeneza mboji ndo ivunjike vizuri, na bahari yetu hata ikipata moto namna gani yacheza kwenye 29 au 30. Ikitua Nyali itakaa Nyali. Swali langu likawa moja tu kuanzia hapo, sikuuliza tena imetengenezwa na nini, nauliza itatua wapi na hapo ilipotua itakuwa nini baada ya mwezi. Ukiuliza hivo majani yote ya kijani kwenye paketi yanakauka.

Mchele ulijadiliwa na ukafa haraka. Mjomba mmoja akasema ndege wakila mchele mbichi matumbo yapasuka, ambayo si kweli, ndege hula mpunga shambani tangu dunia iumbwe. Aliyeuua mchele ni mamangu. "Watupa chakula? Shaaban hii? Na majirani waona?" Israfu, kesi imefungwa. Mimi nilikuwa na sababu zangu mbili zaidi nikazimeza: mchele kwenye vigae ni kama gololi, utavunja mtu kiuno, na Mombasa ukimwaga punje kumi waja kunguru mia.

Halafu mamangu huyo huyo akasema jambo ambalo lilinifanya nijione mjinga. Akasema kwani zamani twarusha nini? Bi harusi akitoka alinyunyiziwa marashi kwa mrashi, alimwagiwa asmini na waridi, chumba kilitandikwa maua, kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, kimefungwa kwa asmini na mrehani na kilua na vipande vya mkadi. "Nyinyi mwaita konfeti. Sisi twaita maua." Mimi mtu wa maua, sikuwa nimefikiria asmini hata kidogo.

Sasa hesabu, manake hapa ndo watu wanapopotea. Tulijaribu na ndugu wanne uani: kikombe kimoja cha chai cha petali kavu chatoa mirusho miwili mizuri ya mtu mzima. Watu mia na hamsini, lakini toa wazee waliokaa, toa wanaoshika watoto, toa wanaorekodi na simu (hawa ni wengi), wanabaki kama themanini. Vikombe themanini ni ndoo ya lita 20 ikijaa. Petali mbichi ukizikausha zasinyaa vibaya sana, kwa hiyo anza na ndoo tatu hivi.

Bahati Valentine ilikuwa Ijumaa, harusi Jumamosi ya wiki iliyofuata. Tarehe 15 asubuhi wauza maua mjini wamebaki na mawaridi yaliyoinamisha shingo, ya jana hayauziki, nikachukua mia mbili kwa bei ya kuyaondoa tu. Waridi la kuchoka kwa kazi hii ni bora kuliko la kusimama, petali zinatoka zenyewe. Tukatandaza shuka chumba cha juu, madirisha wazi, pazia limefungwa jua lisipige rangi, feni inazunguka, kila baada ya swala mtu apanda azigeuze. Siku tatu zikawa zaonekana kavu.

Zaonekana. Jumanne wageni wa Lamu wakawasili, chumba chatakiwa, na mimi kwa mikono yangu mwenyewe nikazoa petali zote nikazitia kwenye ndoo ya mfuniko, nikakaza, nikaiweka chini ya ngazi. Alhamisi mchana nafungua nimwonyeshe bi harusi. Harufu iliyotoka humo sitaielezea. Katikati yote imeshikana kama donge la tende, juu ukungu mweupe wa manyoya. Zilikuwa kavu pembeni, kwenye kitako cha kila petali kulikuwa na unyevu bado, na hewa ya Mombasa yenyewe ni maji, ukiifungia ndani ya plastiki umejenga bafu. Ingekuwa mfuko wa karatasi au kikapu chenye leso juu, zingepona. Kati ya ndoo tatu tuliokoa labda vikombe kumi na tano. Siku mbili zimebaki. Bi harusi hakulia, aliniangalia tu, na ile mizinga kumi na mmoja iliyobaki iko juu ya kabati inatuangalia sote.

Kilichotuokoa ni ukuta wa jirani. Bogenvilia, yale maua yanayoparamia kuta za Nyali na Kizingo mpaka mtu hayaoni tena. Ile sehemu ya rangi ni nyembamba kama karatasi, haina maji mengi, ukiichuma leo kesho yake ishakauka na rangi imebaki. Tukaomba, nasema tukaomba, hatukuvizia, nyumba nne, watoto wakajaza mifuko ya khaki ya rangi tatu, zambarau, rangi ya chungwa na nyeupe. Kitu cha pili ni mkungu, ule mti, sio mkungu wa ndizi. Majani ya mkungu yakizeeka yageuka mekundu na manjano kabla hayajaanguka, pale chini ya miti yamelala bure. Tukayafuta, tukachukua panchi ya ofisini ile ya kutoboa karatasi, na wasichana watano wakakaa Ijumaa baada ya Isha wanatoboa majani huku wanaimba na kuteta watu, tak tak tak. Jani lisiwe kavu sana litapasuka, wala bichi sana panchi yakwama, liwe la ngozi. Vidoa vile ndo vilifanana na konfeti ya dukani kuliko kitu chochote, vidogo, vya mviringo, vyekundu, na wallahi vilikuwa vizuri. Vikombe vinane kwa usiku mzima, na mkono mmoja uliota malengelenge.

Nilijifunza kwa tishu, kwa hiyo nikapima na doa. Kipande cha kitambaa cha kanzu, nikasugua. Waridi jekundu bichi laacha alama hata bila maji. Bogenvilia kavu haikuacha kitu, ila nikilowesha kitambaa ile ya zambarau ikatoa rangi kidogo. Hivyo nikagawa: walio karibu na njia ya maharusi wapewe nyeupe, chungwa na mkungu, zambarau na yale mawaridi yaliyopona wapewe walio nyuma wanaorusha juu. Asmini tuliziagiza zichumwe Jumamosi hiyo hiyo saa tisa, tumba zikiwa bado zimefumba, manake asmini ikishafunguka usiku, asubuhi ishageuka rangi ya chai.

Kwa vyombo, sikutaka mifuko midogo midogo. Ukitoa petali za kweli halafu uzitie kwenye vijaluba vya plastiki umefanya nini? Tulitumia vikapu vidogo vya ukindu ishirini, kimoja watu wanne, na teo mbili kubwa za kujazia.

Siku yenyewe upepo ulikuwa wa kaskazi, wa wastani, watoka baharini kuja bustanini. Hili sikulifikiria na ndo kosa langu la pili. Nilipanga watu mistari miwili, mmoja mgongo kwa bahari, mmoja mgongo kwa hoteli. Mpiga picha akahesabu moja, mbili, tatu. Wale wa upande wa bahari walirusha juu na upepo ukazichukua taratibu zikashuka juu ya maharusi kama vile zimefundishwa. Wale wa upande wa hoteli walirusha kwenye upepo zikawarudia machoni, ami yangu mmoja yuko kwenye kila picha amefumba macho na jani la mkungu kwenye ndevu. Asmini zilizofumba zaenda kama kokoto, hazielei, kwa harufu hakuna mfano lakini kwa picha hazionekani, na bwana harusi ilimpata moja kwenye miwani. Ningerudia ningeweka warushaji wote upande unakotoka upepo, upande wa pili wasimame wazee na simu zao, na asmini ningezimwaga chini njiani wazikanyage zitoe harufu.

Picha zilitoka vizuri. Ile ya kutumika iko moja katika arobaini, bi harusi amecheka mdomo wazi, mtandio umeinuka, chungwa na nyeupe zimemzunguka. Ndo anayoiweka kila mahali.

Kusafisha: vijana wawili, mafagio ya chelewa, dakika ishirini na kitu, nusu gunia, likaenda kumwagwa chini ya miti ya hoteli yenyewe, mtunza bustani alifurahi. Lakini bogenvilia ni nyepesi, na kaskazi ile ile iliyotupamba ikabeba kiasi mpaka kwenye bwawa. Zikaelea zikaenda kukusanyika mdomoni mwa chujio, na meneja akakata elfu tatu kwenye dhamana. Nilitaka kubisha, maua ya Mungu haya, nikanyamaza. Maua ya Mungu yaliziba chujio lake. Nikahesabu kwamba elfu tatu, waridi, asmini na nauli za watoto bado ni chini ya ile mizinga.

Mizinga, ee. Usiku ukumbini, sote tumejisahau, taarabu yapiga, bi harusi ameshaketi kwenye kiti chake cha enzi, binamu yake mmoja kutoka Nairobi ambaye hakuwa kwenye mambo ya glasi wala kisosi akaikuta juu ya kabati akaja nayo. Sikujua. Puu, puu, puu. Watu wakapiga vigelegele, mimi mwenyewe nilipiga, sitadanganya, sekunde mbili ilikuwa nzuri. Halafu dhahabu ikashuka kwenye sinia za viazi karai, kwenye nywele, kwenye feni, kwenye maziwa ya mtoto. Ukumbi ulifagiliwa saa nane usiku na asubuhi nikamwona mfagiaji akisukuma kilichobaki kwa maji mpaka mlangoni, na nje ya mlango ni mtaro, na mtaro wa mtaa ule waelekea chini, sihitaji kukuambia chini kuna nini. Nikainama nikaanza kuokota. Unaokota kimoja vitatu vimelowa vimegandia saruji, vyahitaji ukucha. Nilitoka na nusu kikombe na mgongo wauma.

Iddi tulikunja nguo ya kupamba kuiweka, kwenye pindo kukatoka vipande sita vya dhahabu na petali moja ya bogenvilia, ya chungwa, ukiigusa yavunjika unga.

Zile glasi mbili za kwanza zilimwagwa zamani, waridi lilianza kunuka na tishu ilikuwa uji. Ya tatu iko bado. Ile rangi ya dhahabu imebambuka kwa chumvi, kimebaki kiplastiki kinachoonekana kama gamba la samaki, chaenda juu na chini ukiitikisa glasi. Mamangu kila nikienda auliza, "Hino glasi yakaa dirishani mpaka lini?" Namwambia mpaka kiishe mama. Asonya, aifuta vumbi, airudisha pale pale.